Nyanya kubwa za kizamani zinafaa bustani ya nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwahimize wakazi wa Nakuru wenye vishamba nyuma ya nyumba wapande nyanya kubwa za kizamani za aina ya bifusteki, kama vile Brandywine na Cherokee Purple, ambazo tunda moja laweza kufikia nusu kilo.

Najua zinavyodharauliwa. Ngozi yake ni nyembamba, hupasuka mvua inyeshapo ghafla baada ya ukavu, na hazistahimili safari ya kreti hadi sokoni. Hayo ni kweli, na anayelima ili auze hana sababu ya kuziacha aina za sokoni kama Rio Grande wala Anna F1. Lakini nyanya inayochumwa saa sita ikaliwa kwenye kachumbari saa saba haihitaji ngozi ngumu. Inahitaji nyama nene na ladha.

Tatizo letu hasa ni baridi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, uchavushaji hudhoofika na maua hupukutika. Kwa kuwa nyanya hizi huchukua takriban siku 80 hadi 90 tangu miche ihamishwe, ni heri zipandwe kando ya ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa. Udongo wetu wa volkano nao, hasa pande za Menengai, hupitisha maji upesi; mmea ukikaa na kiu leo na kufurikishwa kesho, madini ya kalisi hayafiki vizuri kwenye tunda, na kitako chake hugeuka cheusi na kuoza. Wengi hapo hukimbilia duka la dawa, ilhali matandazo ya nyasi na maji ya kiasi kila mara yangetosha. Mmea usimikiwe mti imara wa mita mbili, kwani hauachi kurefuka, na majani ya chini yaondolewe kabla ya masika kuleta ukungu.

Kinachonivutia zaidi ni mbegu. Mbegu za tunda la chotara F1 (yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa) hutoa mimea isiyofanana na mzazi wake, lakini hizi za kizamani hurudia asili yake, mradi zitengwe na aina nyingine. Kamua mbegu pamoja na utelezi wake ndani ya bilauri, uziache zichachuke siku mbili au tatu, uzioshe, kisha uzianike kivulini juu ya sahani (si karatasi, maana zitaganda).

Anayetaka kutumiwa mbegu na jamaa aliye Marekani atafute kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kwa sababu baadhi ya virusi vya nyanya husafiri na mbegu. Nawe Mhariri, ukurasa wako wa kilimo, ambao huandika sana kuhusu mashamba ya ekari nyingi, ungetufaa kama ungetutengea sisi wa vishamba walau safu moja kila mwezi.

Mkulima wa bustani,
Kiamunyi, Nakuru