Mkopo wa kompyuta ya gemu: tazameni jumla

Ndugu Mhariri,

Wanaokopa kompyuta mpakato za gemu hutazama rejesho la mwezi tu. Tuseme bei taslimu ni Sh1,500,000. Ukitanguliza Sh500,000, kisha Sh150,000 kwa miezi 10, unalipa Sh2,000,000. Nyongeza inaonekana theluthi ya bei. Kumbe ulikopa milioni moja, kwa hiyo ni nusu ya mkopo!

Pia, unapochagua kompyuta, jina la kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) halitoshi: kadi ya RTX 3050 ya mpakato huwekewa wati 35 hadi 80, na ya wati chache huachwa mbali kwa kasi. Kompyuta iliyotumika ichomeke chaja, uchezeshe gemu zito dakika 20. Picha zikianza kukwama baadaye, kwa kawaida ni joto: feni zimejaa vumbi au dawa ya kupitisha joto la prosesa imekauka. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni GB 8, kijiti kimoja? Kama nafasi ipo, ongeza cha pili.

Msomaji,
Dar es Salaam