Yah: Ekseli ya nyuma mliyonifungia kwenye Land Rover 109

Karatu,
16 Juni 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Vipuri na Gereji,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU EKSELI ISIYOLINGANA NA GARI LANGU

Tarehe 3 Machi mwaka huu nilileta kwenye gereji yenu Land Rover 109, Series IIA ya mwaka 1967, nifungiwe ekseli ya nyuma aina ya Salisbury badala ya ile ya Rover iliyotoka nayo kiwandani. Nililipa shilingi 3,200,000 kwa ekseli, kufupishwa kwa propela shafti (chuma kinachopeleka mzunguko kwenye ekseli) na ufundi, na risiti ninayo. Leo gari limekaa juu ya magogo kwa fundi hapa Karatu, krosi, yaani kiungo cha propela ya mbele, imevunjika, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma inamwaga oili, na chanzo cha yote ni ekseli mliyonifungia. Nimewapigia simu mara tano. Mara zote tano nimejibiwa, "Mzee, magari ya zamani ndivyo yalivyo."

Jibu hilo silikubali. Gari hili lilikuwa la marehemu baba yangu, na lina umri sawa na Azimio la Arusha. Tangu nilirithi limebeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu, njia ambayo mnaijua ni ya mawe wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulijulikana: shafti za ndani za ekseli ya Rover hukatika ukizidisha mzigo kwenye mlima. Nilizikata nne. Kila fundi wa Land Rover aliniambia neno lile lile, kwamba dawa ni Salisbury kutoka kwenye 109 ya Series III, maana difu yake, yaani gia za katikati ya ekseli, ni kubwa na shafti zake ni nene. Hicho ndicho nilichowaomba. Kwenye risiti mmeandika wenyewe, kwa mkono wa karani wenu: "Salisbury ya 109, Series III."

Sasa naomba msome kwa makini, kwa sababu kwenye simu hakuna aliyenisikiliza hadi mwisho.

Land Rover za Series, mbele na nyuma, zina difu za uwiano wa 4.7: propela ikizunguka mara 4.7, gurudumu linazunguka mara moja. Land Rover aina ya One Ten, iliyoanza kutoka mwaka 1983, ina uwiano wa 3.54. Ni gari jingine, lenye giaboksi nyingine, na difu yake ya mbele nayo ni ya 3.54, kwa hiyo kwake hakuna ugomvi. Kwa nje ekseli mliyonifungia ni ya 109 kweli, na makalio ya springi yapo mahali pake. Tumbo lake ni la One Ten. Kuna mtu alizitoa gia za 4.7 akatia za 3.54, na ninyi mkainunua, mkaipaka rangi nyeusi, mkanifungia bila kufungua mfuniko wa nyuma. Mfuniko ule una boliti kumi. Ni kazi ya dakika ishirini.

Dalili zilianza siku ile ile nilipotoka kwenu. Gari lilikuwa jepesi kwenye tambarare, nikafurahi, nikadhani ni ubora wa ekseli. Pale Makuyuni nilipigwa tochi. Kipima mwendo kilionyesha 50, tochi ya askari ilisema 66. Nilimbishia askari yule, na leo ninaona aibu kwa kumbishia, maana alikuwa sahihi. Kipima mwendo cha Land Rover kinaendeshwa na transfa, hakijui huko nyuma mmeweka difu gani. Faini ya shilingi 30,000 nililipa. Nilipofika Mto wa Mbu na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, gari ambalo miaka yote hupanda pale na gia ya tatu lilinishinda. Nilishuka hadi ya pili, kisha ya kwanza, malori ya mahindi yakinipita. Injini ni ile ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Nguvu zake hazikupungua, mlichofanya ni kumwongezea urefu wa hatua mtu asiye na miguu ya hatua hiyo.

Niliwapigia jioni ile. Fundi wenu mkuu akasema ekseli ni mpya kwa gari, itazoea.

Ndugu Mkurugenzi, difu haizoei. Meno ya gia ni hesabu.

Lililonitia hasara kubwa lilitokea tarehe 22 Aprili. Nilikuwa na magunia saba ya vitunguu, mvua imenyesha usiku kucha, nikafika kwenye mteremko wenye udongo wa mfinyanzi kabla ya kupanda kuja Karatu. Nikabonyeza kishikio cha njano kuingiza magurudumu ya mbele, kama baba alivyonifundisha na kama nilivyofanya miaka yote. Gari likawa zito kana kwamba kuna mtu ameshika breki. Usukani ukawa mgumu. Kwenye tope lilikwenda kwa kuteleza, magurudumu ya nyuma yakitaka kukimbia na ya mbele yakiyazuia, kwa sababu katika mzunguko ule ule wa propela ya nyuma yalizunguka karibu theluthi moja zaidi ya ya mbele. Tope lilivumilia tofauti hiyo. Nilipofika kwenye kipande kikavu chenye changarawe hapakuwa na mahali pa kutelezea. Nilijaribu kuvuta mkono mwekundu wa transfa ili kuachia mbele, ukakataa kabisa, umekazwa na nguvu zilizojisokota ndani. Hatua chache mbele nilisikia mlio kama wa bunduki. Krosi ilikuwa imevunjika, na propela ikapiga chini ya sakafu, upande wangu wa dereva, mke wangu akiwa kando yangu. Hatukuumia. Ilibaki unene wa bati lile tu kati ya miguu yangu na chuma kinachozunguka.

Vitunguu vilinyeshewa siku mbili kabla sijapata lori. Magunia matatu yalioza.

Fundi wa hapa, mzee aliyeanza na magari haya kabla sijaoa, hakuniuliza maswali mengi. Aliinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, akatuambia mimi na mwanangu tuzungushe magurudumu pamoja mzunguko mmoja huku yeye akihesabu. Propela ilizunguka mara tatu na nusu. Akaenda mbele akafanya vivyo hivyo: mara nne na zaidi ya nusu. Ndipo akafungua mfuniko. Gia kubwa ya difu ina meno 46, pinioni, yaani gia ndogo inayoizungusha, ina meno 13. Gawanyeni wenyewe. Picha nimeziambatisha, pamoja na nakala ya risiti yenu, ya faini na ya lori.

Ninachotaka ni hiki. Mniletee Salisbury yenye uwiano wa 4.7, ifunguliwe na kuhesabiwa mbele yangu kabla haijafungwa, au mnirudishie fedha zangu zote. Mlipe krosi, propela na matengenezo ya transfa, faini, lori na magunia matatu. Jumla ni shilingi 1,485,000 na mchanganuo umo kwenye ukurasa wa pili. Na mnirudishie ekseli yangu ya zamani. Niliiacha kwenu kwa makubaliano kwamba nitaifuata na lori, na mwezi Mei kijana wa stoo akaniambia imeuzwa chakavu. Kama ni kweli, nataka kujua imeuzwa kwa nani, maana nitaifuata. Ilikatika shafti mara nne, lakini uwiano wake ulikuwa sawa na wa mbele, na baba yangu aliifungua na kuifunga kwa mikono yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ninyi mliandika Series III. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka shauri Tume ya Ushindani pamoja na ekseli yenyewe.

Gari haliwezi kuja Arusha. Fundi atakayekuja aje na jeki mbili na chaki, nitamwonyesha.

Mteja wenu,

Mmiliki wa Land Rover 109 ya mwaka 1967