Mkono wa Idi, na Dua kwa Bibi Yangu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki, nakupeni mkono wa Idi. Mwezi mtukufu umetuaga, tunamshukuru Mola aliyetufikisha. Allah azitakabali funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, na awarehemu waliotutangulia mbele ya haki.

Mfungo wa mwaka huu haukuwa mwepesi. Sukari, mafuta ya kula, nazi, kila ukirudi dukani bei ni nyengine. Wapo waliopima pishi ya fitri huku hawajui mchele wa pilau yao utatoka wapi. Watoto wengi wamevaa nguo za Idi iliyopita, zimefuliwa na kupigwa pasi, na alhamdulillah wamezifurahia.

Kwetu limezidi pengo. Bibi mzaa mama alifariki mwezi wa Rajabu, na leo asubuhi sikuwa na mkono wake wa kubusu.

Bibi alikuwa akipika vitumbua barazani. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka mabaya, nilikaa naye pale, uso chini, nikichota unga na kumimina kikaangoni. Akija mteja, Bibi alisema kwa sauti: "Mwalimu, mpe vinne." Watu walicheka, nami nikaona haya. Siku moja nikamwomba asiniite hivyo tena. Akageuza kitumbua kwa kijiti, akakisubiri kiive, ndipo akanijibu: "Watoto wa mtaa huu, nani kawafundisha kusoma kwa mkaa ukutani kwangu? Ukuta wangu bado mchafu." Nilirudia mtihani. Leo naingia darasani, na wanafunzi wakiniita Mwalimu ningali nasikia sauti yake.

Ramadhani hii, sheikh alipofika kwenye kushuka kwa wahyi, ufunuo wa Mungu kwa Mtume, katika darsa za baada ya Alasiri, nilimkumbuka Bibi hadi machozi. Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka pango la Hira akitetemeka, akisema, "Nifunikeni, nifunikeni." Alikuwa na miaka 40, Makka nzima ikimwita Al-Amin, na bado aliihofia nafsi yake. Mkewe, Bi Khadija (R.A.), aliapa kwamba Allah hatamfedhehesha kamwe, kisha akamtajia: unaunga udugu, unambebea mzigo asiyejiweza, unamkirimu mgeni, unawasaidia waliofikwa na misiba. Ndipo akampeleka kwa binamu yake Waraka bin Naufal, mjuzi wa vitabu vya kale. Bi Khadija alimrejeshea Mtume matendo yake mwenyewe, yaliyokuwa yamefunikwa na hofu. Sifa tupu haziwezi kazi hiyo, maana anayesifiwa anajua moyoni kuwa ni tupu. Na Bi Khadija alipofariki, mwaka wa 10 wa utume, mwaka ule ule aliofariki Abu Talib, ami yake Mtume aliyemlea, mwaka wenyewe ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Basi wazazi wenzangu, na zaidi walimu wenzangu, tumuogopeni Mungu katika ndimi zetu. Mtoto anayeitwa mjinga asubuhi na jioni ataacha hata kunyoosha kidole darasani. Mtazame mwanao anachokifanya vizuri, hata kama ni kupanga viatu mlangoni mwa msikiti, umwambie umekiona, tena mbele za watu. Wewe mke, mumeo aliyeachishwa kazi mkumbushe nyumba aliyoisimamisha kwa jasho lake. Wewe mume, mkeo umemsifu lini kwa jambo lisilokuwa chakula? Mwaka huu pesa za sikukuu zimepungua, aliyezoea elfu mbili kapewa mia tano. Mshike mkono mtoto huyo, umwambie jambo moja la kweli ulilomwona akilifanya.

Kwa wagonjwa, Allah awape shifaa. Kwa wafiwa, awape subira. Kwa mlioko mbali, Muscat hadi London, kullu aam wa antum bikheir. Nanyi mkinyanyua mikono, mtieni Bibi yangu katika dua zenu, Mola aliangaze kaburi lake.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Idd Mubarak.