Risala ya wafanyakazi wa shule kwa mgeni rasmi, mkutano mkuu wa mfuko wetu, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, walimu wenzetu, mama zetu wa jikoni na walinzi wetu, mwangaluka! Asante kwa kuja, tunajua ratiba yako ilivyobana.

Mfuko wetu ni wa makato. Kila mwisho wa mwezi sh. 10,000 inatoka kwenye mshahara kabla hata hujaishika, inaenda benki kwa ajili ya misiba, kuuguliwa, na kitu kidogo mtu akistaafu. Hiyo ni mbali na NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mafanikio tunayo, ila leo tumekuitia habari ya wadhamini, yaani wale tuliowakabidhi kusimamia hela za mfuko.

Wadhamini wetu ni watu wazuri, tuliwachagua kwa makofi, na hakuna aliyewaambia ukikubali cheo hiki unabeba nini kisheria. Mpaka juzi kati kwenye droo ya ofisi kulikuwa na fomu za kutolea hela benki zimeshasainiwa na wadhamini wawili, sehemu ya kiasi iko wazi, sehemu ya jina iko wazi, eti msiba ukitokea usiku mhasibu asihangaike kuwatafuta asubuhi. Tumekagua, hakuna hela iliyopotea. Lakini saini ziliwekwa mbili ili mmoja amwangalie mwenzie, sasa ukisaini karatasi tupu unamwangalia nani?

Marekani haya waliyaona mapema. Desemba 1963 kiwanda cha magari cha Studebaker kule South Bend kilitangazwa kufungwa, mfuko wa pensheni ukawa hautoshi, wafanyakazi kama 4,000 waliokuwa wameshapata haki ya pensheni wakaambulia kama senti 15 kwa kila dola, na wengine hawakupata kitu kabisa. Mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya ERISA: msimamizi wa mfuko afanye kazi kwa faida ya wanachama tu, na akileta hasara kwa kukiuka wajibu wake anailipa kwa mali yake mwenyewe. Na ukijua mwenzio anaharibu ukanyamaza bila kufanya chochote, na wewe umo. Mahakama moja ya rufaa huko ilisema mwaka 1983 kwamba moyo safi na kichwa kitupu havitoshi. Sheria ni ya kwao, sawa, ila hayo maneno yanatuhusu kabisa.

Maana yameshatugusa. Mzee wetu wa getini alifanya kazi miaka mingi kwa mwajiri mwingine kabla ya kuja hapa, salari slipu zote zinaonyesha makato, anazo kwenye bahasha ya kaki mpaka leo, alipoenda kufuatilia mafao yake akakuta miezi kibao haijapelekwa. Inauma sana jamani.

Mheshimiwa, hatuombi viti wala tenti. Tunaomba utusaidie kupata mwanasheria aje akae na wadhamini siku nzima, na sisi wanachama tuwepo tusikie. Pia utuombee kwa uongozi wa shule makato yafike benki ndani ya siku 7 baada ya mshahara, na taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila mwezi, sio mpaka mtu aiombe.

Rasimu ya katiba mpya iko kwenye faili la bluu mbele yako, kifungu cha mdhamini kutokopa kwenye mfuko tumekipigia mstari.

Tunaomba kuwasilisha.