Skenes abaki Pittsburgh, tafuteni wapigaji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wako wa michezo aliyeandika kwamba timu yetu ya besiboli, Pittsburgh Pirates, imuuze mrushaji wake Paul Skenes sasa hivi, thamani yake ikiwa juu, ipate chipukizi wanne watano wa kusukia kikosi upya. Sina ugomvi naye. Ila yeye anaitazama timu hii kwa mbali, mimi ninaishi hapa, na suala hilihili nabishana juu yake kila siku na mtu mmoja.

Mtu huyo ni mzee wa miaka 81 ninayemhudumia nyumbani kwake, siku tano kwa wiki. Kazi yangu ni dawa, kuoga, chakula na kumsindikiza kliniki. Kusikiliza besiboli redioni hakumo kwenye mkataba, lakini ndiko kunakotuweka pamoja. Nilipoanza sikujua mrushaji ni nani wala mdakaji ni nani. Alinifundisha kwa kupanga vidonge vyake mezani: hiki kituo cha kwanza, hiki cha pili, hiki cha tatu, na kile kikubwa cheupe cha presha ndicho nyumbani. Mpaka leo nikikitoa kwenye chupa namwona mtu anateleza kwa tumbo kukifikia.

Mzee yuko upande wa mwandishi wako. Uza, anasema, na hoja yake ni Barry Bonds. Bonds alikuwa nyota wa Pirates. Mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa 1992 akaenda San Francisco kama mchezaji huru, kwa dola milioni 43.75, bila Pittsburgh kubadilishiwa mtu yeyote. Ikafuata misimu 20 mfululizo, 1993 hadi 2012, ya kufungwa mechi nyingi kuliko za kushinda. Mzee aliianza miaka hiyo ana nywele nyeusi, akaimaliza ana mvi tupu. Ukimtajia nyota Shohei Ohtani ndiyo unamchochea kabisa: timu yake, Angels, walikataa kumwachia katikati ya msimu wa 2023, baridi ilipoingia akasaini timu nyingine, Dodgers, kwa dola milioni 700, na Angels wakaambulia nafasi moja tu ya ziada ya kuchagua vijana.

Wasomaji waliozoea soka naomba wanielewe kidogo hapa. Nikisema kuuza, si ada ya uhamisho. Timu inatoa mtu, inapokea watu, basi. Na mchezaji mchanga hana sauti: mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu ndipo awe huru kwenda anakotaka. Skenes aliingia Mei 2024, na Pirates wana haki naye hadi mwisho wa msimu wa 2029. Siyo mtu anayefungasha mizigo kesho.

Sasa nimfuatishe mwandishi wako kwenye hilo neno lake, chipukizi. Mwaka 2011 Pirates walikuwa wa kwanza kuchagua katika uteuzi wa vijana, wakamchukua Gerrit Cole, mrushaji, kama walivyomchukua Skenes wa kwanza mwaka 2023. Januari 2018 wakampeleka Cole Houston, wakapokea wanne. Mwaka uliofuata, 2019, Cole alihesabiwa ushindi wa mechi 20 na kuwatoa wapigaji 326 kwa straiki, yaani wakishindwa kuupiga mpira, amevaa jezi ya Houston. Katika wale wanne, aliyekuwa na maana zaidi ni Joe Musgrove, mrushaji. Tukampenda. Januari 2021 Musgrove naye akapelekwa San Diego, tukapokea chipukizi, na Aprili hiyohiyo, katika mechi yake ya pili huko, akarusha mchezo mzima bila kupigwa mpira hata mmoja wa kumfikisha mtu kituoni, wa kwanza katika historia ya San Diego. Katika kundi lililokuja kwa ajili yake alikuwemo David Bednar, kijana aliyekulia karibu kabisa na Pittsburgh. Bednar akageuka kuwa mrushaji hodari wa kumalizia mechi, akaitwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota, ile mechi ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi. Julai 2025, wakampeleka New York kwa Yankees. Tukapokea, ndiyo, chipukizi.

Hesabu mwenyewe, Mhariri. Cole akawa Musgrove, Musgrove akawa Bednar, Bednar akawa chipukizi wengine. Tangu Januari 2018 deni la Cole halijalipwa, linasogezwa tu. Kila embe likiiva linabadilishwa kwa kokwa, na tunaambiwa tumwagilie. Timu inayojijenga upya sina neno nayo. Ninachokataa ni timu ambayo kazi yake ya kudumu ni kujijenga upya.

Mtu atasema mbona Kansas City waliweza. Kweli waliweza. Desemba 2010 walimtoa mrushaji Zack Greinke, wakapata Lorenzo Cain na Alcides Escobar, na hao wawili walikuwa uwanjani timu hiyo ilipotwaa ubingwa wa 2015. Lakini Kansas City walipowapata wakawaacha wakomae hapohapo, na mmoja wa waliokuja kwa ajili ya Greinke wakamtumia kupata warushaji waliokwishaiva. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, tazama Washington. Agosti 2022 walimtoa mpigaji Juan Soto, akiwa amekataa mkataba wa dola milioni 440, na walichopata ni pengine mzigo bora kuliko wowote tuliouona miaka hii: CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, wote watatu wamekwisha kuwa wachezaji wa mchezo wa nyota. Ni nadra kuokota hivyo. Msimu wa 2025 Washington wakafungwa mechi 96.

Nilimtafsiria mzee methali yetu ya moja shika, si kumi nenda uje. Akafikiri kidogo, akanijibu kwamba huyo mmoja uliyemshika ana miguu, na 2029 ataitumia. Sikuwa na la kusema, nikaenda kuchemsha maji.

Nikirudi kwa Skenes mwenyewe. Msimu wa 2025 wastani wa mikimbio, yaani mabao ya besiboli, iliyohesabiwa juu yake ulikuwa 1.97 kwa kila awamu tisa, ambazo ni mechi nzima. Aliwatoa wapigaji 216 kwa straiki. Tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora alipewa kwa kura zote, hakuna aliyempinga. Sasa sikia alishinda mechi ngapi: 10. Na alifungwa 10. Tarehe 18 Mei tulikuwa tunasikiliza mechi yetu huko Philadelphia, Jumapili mchana, mzee amevaa kofia ndani ya nyumba. Skenes alirusha mchezo wote peke yake, awamu nane kwa kuwa wenyeji waliokuwa wakiongoza hawakuhitaji kupiga ya tisa, mara yake ya kwanza kumaliza mechi katika ligi kuu, akaruhusu mkimbio mmoja. Tukafungwa 1-0. Awamu ya tisa, wapigaji wetu walipokwenda kwa zamu ya mwisho, mzee alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio kabla hata mpira haujarushwa. Anawajua.

Kwa hiyo tatizo la nyumba hii ni kuni, na mwandishi wako anashauri tuuze chungu. Ukimtoa Skenes, wapigaji ni walewale.

Kuna jambo moja linalonisumbua, sitalificha, nalo ni kiwiko. Mrushaji wa kasi ile anaweza kuamka siku moja mkono umegoma, akapasuliwa, akakaa nje mwaka mzima na zaidi. Hapo kumi zote za nenda uje zitaonekana busara. Lakini anayenunua naye anakijua kiwiko hicho, na bei atakayotoa ameshaipunguza kwa sababu hiyo.

Rai yangu ni hii. Wamweke angalau hadi msimu wa 2027 uishe. Soto alipoondoka alikuwa amebakiza miaka miwili na ushee, na bei haikuwa mbaya, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Katika muda huo mwenye timu atoe fedha alete wapigaji watu wazima, si wa kuwangojea. Ikishindikana, na Skenes mwenyewe akikataa kuongeza mkataba, tuzungumze tena. Nitakuwa wa kwanza kumwambia mzee alikuwa na haki, ingawa itaniuma.

Mzee ameniagiza nikituma barua hii niseme wazi kwamba yeye hakubaliani na hata mstari mmoja. Nimesema.

Msomaji wako,
Mtunza Wazee, Pittsburgh, Marekani