Mbona Adui Harushi Dadu?

Swali hili tunaulizwa karibu kila tunapofungua meza ya Blades in the Dark, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa wageni, na mara nyingi anayeuliza anahisi kaonewa. Kapigana na mlinzi, kashinda, lakini karatasi ya mhusika wake sasa imeandikwa "paja limechanwa". Mlinzi mwenyewe hakurusha dadu hata mara moja. Hilo jeraha limetoka wapi? Msimulizi, yule anayeongoza mchezo, kajitungia?

Limetoka kwenye dadu zako mwenyewe, na tungependa uelewe kwa nini kabla hujalipia meza.

Wengi wanaokuja kwetu wamezoea michezo ya simu, au wamewahi kugusa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974 na kuzaa aina hii yote. Kule kila mhusika ana pointi za uhai. Zamu yako unarusha dadu kuona kama umempata adui, ukimpata unarusha nyingine kuona umempunguzia pointi ngapi, na zamu yake naye anakufanyia vivyo hivyo. Hesabu yake imenyooka, ila ina kituko: aliyebakiwa na pointi 1 anapigana kwa nguvu zilezile za mwenye 40. Haumwi popote mpaka afike sifuri, hapo ndipo anaanguka.

Blades in the Dark, kazi ya John Harper iliyotoka 2017, haina pointi za uhai. Wachezaji ni genge la wahalifu katika mji wa giza na mizimu uitwao Doskvol, na msimulizi harushii maadui dadu. Mrusho wako mmoja unajibu mambo mawili kwa mpigo: umefanikiwa au la, na imekugharimu nini.

Dadu zenyewe ni za pande sita, kama za ludo. Unachukua idadi inayolingana na kiwango chako katika ujuzi unaoutumia, unazirusha zote, kisha unasoma ile yenye namba kubwa kuliko zote. Hazijumlishwi. Wazoefu wa ludo huteleza hapa, na tafadhali tusigombane: sita haikupi nafasi ya kurusha tena. Namba ya juu ikiwa 1 hadi 3, mambo yameharibika. Ikiwa 4 au 5, umefanikiwa lakini unalipa. Ikiwa 6, umefanikiwa bila deni, na sita mbili zinakupa zaidi ya ulichotaka. Asiye na kiwango kabisa katika ujuzi huo anarusha dadu 2 na kusoma ya chini. Sio adhabu ndogo hiyo.

Mwenye dadu 2 ana asilimia 25 ya kuharibikiwa, karibu 31 ya kupata sita, na karibu 44 ya kuangukia pale katikati, kwenye kufanikiwa kwa gharama. Kwa hiyo ukiona unashinda huku unavuja damu, mchezo unakwenda ulivyokusudiwa.

Tumrudie mlinzi. Una 2 kwenye kupigana. Kabla hujarusha, msimulizi anatangaza hali: ya utulivu, ya hatari, au ya kufa na kupona. Hapo ndipo ukubwa wa jeraha linaloweza kuja unapojulikana, kwa kawaida ngazi ya 1, ya 2 na ya 3 kwa mfuatano huo. Tuseme ni ya hatari. Unarusha, zinatoka 2 na 5. Unasoma 5: mlinzi yuko chini, lakini kisu chake kimepita pajani. Jeraha ngazi ya 2.

Jeraha linaandikwa kwa maneno, na maneno hayo yana kazi. Ngazi ya 1, mfano "nimechubuka", inapunguza matokeo ya unachofanya pale jeraha linapokukwamisha. Ngazi ya 2 inakunyang'anya dadu moja. Paja lililochanwa litakusumbua ukipanda ukuta, halitakusumbua ukimdanganya karani. Ngazi ya 3, kama mguu uliovunjika, hufanyi kitu bila kusaidiwa au kujikamua. Ya 4 ni kifo. Si lazima iwe damu, maana hofu nayo huandikwa kama jeraha. Na nafasi ni chache: mbili, mbili, kisha moja. Safu ikijaa, jeraha jipya linapanda ngazi, kwa hiyo michubuko midogo ikirundikana inaweza kukuzalisha jambo zito.

Sasa haki ambayo wageni wengi hawajui wanayo: unaweza kulikataa jeraha. Unasema "najikinga", na kinga haishindwi kamwe, ila bei yake huijui mpaka urushe. Kwenye sita unatoa namba ya juu uliyopata, kinachobaki unakilipa kwa msongo, yaani shinikizo la akili linalohesabiwa kwa visanduku kwenye karatasi yako. Umepata 4? Unalipa 2, na lile paja kwa kawaida linashuka kuwa mkwaruzo wa ngazi ya 1. Umepata 1? Unalipa 5, na visanduku vya msongo ni 9 tu. Vikijaa, unatolewa kwenye tukio na kubaki na kovu la kudumu la nafsi. Makovu manne, mhusika anastaafu uhalifu.

Ushauri wetu: mkwaruzo wa ngazi ya 1 uache upite. Tumeona wachezaji wakimaliza msongo kukwepa michubuko, halafu risasi inakuja hawana cha kulipia. Vazi la kinga ukiwa nalo, litumie kwanza kwa kutia alama kisanduku chake kabla ya kutoa msongo. Uponyaji nao ni polepole, unafanyika kati ya kazi na kazi kwa msaada wa tabibu, kwa hiyo jeraha la wiki hii huenda ukaja nalo wiki ijayo.

Karatasi za mhusika tumezitayarisha kwa Kiswahili na zinatolewa bure kwa kila anayeshika meza. Upande wa nyuma kuna ngazi zote za majeraha na bei ya kujikinga. Na kama msimulizi wetu anakuambia urushe kabla hajataja hali uliyomo, usirushe. Mwambie aitaje kwanza, na ukiona ni mbaya kuliko ulivyodhani, una ruhusa ya kubadili unachotaka kufanya.