Barua kwa waume na mama wakwe wa Nyalenda na Manyatta, mitaa ya Kisumu

Wanangu, nanyi dada zangu mnaongoja wajukuu,

Kinachonichoma ni hiki: mimba ya miezi saba, macho yamekuwa manjano, mkojo umekolea kama strungi, mama anatapika, na nyumbani mnabishana kama ni malaria au nyongo. Mitishamba iko jikoni. Mume anangoja mshahara.

Dalili hizo zaweza kuwa homa ya ini aina ya E, ugonjwa wa virusi. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache, ndiyo maana mnaidharau. Kwa mjamzito ni balaa, hasa miezi mitatu ya mwisho: ini linaweza kushindwa ghafla, na vifo hufika hata 20 hadi 25 kwa kila wagonjwa 100. Kipimo cha homa ya ini B cha kliniki hakiioni hii. Dawa ya kuua virusi vyake hakuna ya kawaida, lakini hospitali itafuatilia sukari, damu kuganda na mtoto tumboni. Mitishamba, na panadol za kumeza ovyo, zinalitwisha ini mzigo. Akianza kusinzia mchana, kuongea asichojua au kutoka damu kwenye fizi, msingoje naye nyumbani hadi asubuhi, mpelekeni hospitali.

Sasa maji, maana virusi hivi huingia kwa maji yenye uchafu wa choo. Mwenye ploti anachimba choo, na hatua chache tu anachimba kisima, kodi anachukua ya vyote viwili! Masika ikijaza choo, uchafu unapenya hadi kisimani, na maji yanatoka maangavu, matamu. Virusi hukaa kimya mwilini wiki 2 hadi 10, kwa hiyo msitafute kosa kwenye chakula cha jana. Dadaab, 2012, ugonjwa huu ulilipuka kwenye kambi za wakimbizi.

Chemsha yatokote kwa nguvu dakika nzima. Mvuke peke yake si kuchemka. Halafu, jamani, mnayarudisha kwenye mtungi uleule wa kisimani, wenye utelezi ndani, na mtoto anatumbukiza kikombe na mkono! Mtungi wa kunywa uwe wake, uoshwe kwa sabuni, uwe na kifuniko, maji yamiminwe. Mkitumia klorini, chujeni kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope huila dawa. Pimeni kama chupa inavyosema kwa lita 20, ngojeni dakika 30. Kachumbari ioshwe kwa maji hayohayo, na mikono pia, kwa sabuni, baada ya choo.

Namba ya mwenye gari iandikwe ukutani leo. Mjamzito anayesinzia hapandi boda.